Ukinzani Hujitokeza Kifaa Kikiwa Kazini

Kila aliyesoma fizikia ya sekondari anaijua kanuni ya Ohm: volti (msukumo wa umeme) ni ampea (mkondo unaopita) mara omu (ukinzani, yaani namna kitu kinavyouzuia mkondo). Georg Simon Ohm aliichapisha Ujerumani mwaka 1827. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule akaongeza lililokuwa limebaki, kwamba joto linalotoka kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo unaopita. Kwa hizo mbili fundi anapata karibu kila anachohitaji. Wati, yaani nguvu, ni volti mara ampea. Omu ni volti gawanya kwa ampea. Ukiwa na ampea na omu, wati ni ampea mara ampea mara omu. Ukiwa na volti na omu, wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Kalkuleta ya simu inatosha.

Hesabu yenyewe haimshindi mtu. Makosa huingia kupitia namba. Volti zimesomwa kwenye kisanduku cha breka wakati hakuna kilichowashwa, ampea zimenakiliwa kwenye lebo ya kifaa, omu zimepimwa kifaa kikiwa baridi juu ya meza. Ukizichanganya hizo unapata jibu safi la kifaa ambacho hakipo popote. Volti na ampea zinatakiwa ziwe za wakati mmoja na mahali pamoja, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Yanayofuata yote yanatoka hapo.

Tuanze na jagi la umeme la kuchemshia maji, lile lililoandikwa wati 2000, volti 230. Gawanya 2000 kwa 230, unapata ampea 8.7. Gawanya 230 kwa 8.7, unapata omu 26.4 hivi. Huo ndio ukinzani wa hita iliyo chini ya jagi, na haubadiliki sana, kwa sababu waya wa nikrome uliomo ndani hupanda ukinzani kwa asilimia chache tu unapopata moto. Sasa ni saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha, na mita inasoma volti 190. Wati za jagi sasa ni 190 mara 190, gawanya kwa 26.4, yaani kama 1365. Volti zimepungua kwa asilimia 17, nguvu imepungua kwa karibu theluthi. Watu wengi wanadhani vitu hivyo viwili hupungua sawasawa, na hapo ndipo wanaposhangaa kwa nini maji hayachemki. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 25 inahitaji jouli 470,000 hivi ili ichemke: kwa wati 2000 ni dakika nne, kwa wati 1365 ni karibu dakika sita. Uniti zinazoliwa ni karibu zilezile, muda ndio umeongezeka. Kwa hiyo anayelalamika kwamba umeme mdogo unamaliza LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa sababu ya jagi, tatizo lake litafutwe kwingine.

Pampu ya maji na friji vina tabia tofauti kabisa, na hapa ndipo kanuni ya Ohm ikitumiwa kikasuku humpoteza mtu. Mota haifuati omu za koili yake peke yake. Pima koili ya mota ya pampu ya nguvu farasi moja ikiwa imezimwa, unaweza kukuta omu 5. Ukigawanya 230 kwa 5 unapata ampea 46, zaidi ya wati elfu kumi, na pampu hiyo hiyo ikizunguka inavuta ampea tano au sita tu. Inapozunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na zile zinazoingia, na koili zenye chuma ndani huuzuia mkondo unaobadilika kwa namna ambayo mita ya omu haiwezi kuiona. Zile ampea nyingi za hesabu ya baridi si uongo mtupu, lakini. Mota inapowashwa, kabla haijashika kasi, huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Ndiyo maana taa hufifia kidogo pampu inapoanza.

Volti zikishuka, jagi huvuta ampea pungufu lakini mota iliyobeba mzigo huvuta nyingi zaidi, kwa sababu maji yale yale bado yanatakiwa yapande kwenye tenki. Halafu nguvu ya mota ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti: kwa volti 190 badala ya 230, imebaki kama asilimia 68. Kompresa ya friji ikishindwa kuzunguka unasikia ikinguruma sekunde chache, kisha "tik", kinga yake ya joto imekata. Baada ya dakika chache inajaribu tena. Friji ikiachwa usiku mzima katika hali hiyo, koili zinaungua. Runinga, chaja ya kompyuta na taa za LED zenye saketi nzuri ni kundi la tatu: hutaka wati zilezile, hivyo volti zikipungua huongeza ampea kimyakimya. Kabla ya kushika kalkuleta, jiulize kwanza kifaa kiko kundi gani.

Kwa mota kuna namba moja zaidi. Pampu iliyoandikwa 0.75 kW, hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Inayoingia ni kubwa zaidi, tuseme wati 1100, nyingine inapotea kama joto. Ukibana klampu mita (mita yenye taya inayosoma ampea bila kukata waya) kwenye waya wake unaweza kusoma ampea 5.6 kwa volti 230. Zidisha, unapata 1288, wala si 1100. Tofauti hiyo ni pawa fakta, hapa 0.85 hivi: mkondo na volti haviendi kwa hatua moja, kwa hiyo sehemu ya mkondo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Mita ya nyumbani hukutoza zile 1100. Lakini waya, breka, jenereta na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ni lazima vibebe zile 5.6 zote, na wakati wa kuanza vibebe mara kadhaa yake. Anayenunua jenereta ya wati 1200 kwa ajili ya pampu hiyo kwa kuangalia lebo tu ataipeleka kwa fundi mapema.

Balbu ya nyuzi, ile ya zamani ambayo wafugaji bado wanaitumia kuwapa joto vifaranga, inastahili kutajwa kwa sababu inawachanganya hata wanafunzi wazuri. Balbu ya wati 60 kwa volti 230 inavuta ampea 0.26, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 880 hivi. Itoe, ipime ikiwa baridi: mita inaonyesha karibu omu 65. Mita yako ni nzima. Waya wa tangsteni unapofika nyuzi 2500 na zaidi, ukinzani wake huwa zaidi ya mara kumi ya ule wa baridi. Aliyepima baridi akapiga 230 mara 230 gawanya kwa 65 atapata wati 814 na kudhani kanuni imevunjika. Pia ndiyo sababu balbu nyingi huungua pale pale unapobonyeza swichi: kwa sehemu ndogo ya sekunde inapitisha mkondo wa mara kumi na kitu.

Jiko la koili lina kosa lake, na limeenea mno. Koili ikikatika, fundi wa mtaani anavuta ncha mbili, anazisokota, jiko linawaka, mteja anaondoka amefurahi. Kila mara hiyo inapofanyika kipande kidogo kimetolewa au kimerukwa. Koili ya wati 1000 ina omu 52.9. Ondoa sehemu moja ya tano, zinabaki omu 42.3. Sasa jiko linavuta ampea 5.4 badala ya 4.35, wati 1250, tena kwenye waya mfupi zaidi. Kila sentimita inabeba joto la mara 1.56 ya lile ililotengenezewa. Jiko linachemsha haraka kweli, na mwenyewe anasifia, kisha linakatika tena baada ya wiki, safari hii mahali pengine. Pale paliposokotwa nako kuna ukinzani wa ziada, kwa sababu nikrome iliyokwisha kupata moto ina ngozi ya oksaidi isiyopitisha umeme vizuri. Koili mpya ni bei ndogo, nunua. Ukiinunua ipime kwanza: kwa wati 1000 mita isome karibu na 50, kwa wati 2000 karibu na 25. Ikisoma 35 na imeandikwa 1000, irudishe.

Kuhusu kupima. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili za kifaa kikiwa kimewashwa. Ampea, kwa umeme wa nyumbani, tumia klampu mita, uachane na habari ya kukata waya na kuingiza mita katikati. Klampu ibane waya mmoja tu, laivu au nyutro. Ukibana kebo nzima itasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaoenda na unaorudi hufutana. Tengeneza kipande cha ekstensheni cha kupimia: ondoa koti la nje kwa sentimita 20 hivi, nyaya tatu ziachane, kila moja ikibaki na ngozi yake nzima bila hata mkwaruzo. Chomeka kifaa hapo, bana laivu, soma. Kifaa kikiwa kidogo kama chaja ya simu, zungusha waya mara kumi ndani ya taya za klampu kisha gawanya jibu kwa kumi.

Mita ya kawaida ina tundu tofauti la kupimia ampea, lililoandikwa 10A au 20A. Ukisahau pini nyekundu humo kisha ukaenda kupima volti za soketi, umeweka ukinzani wa karibu sifuri kati ya laivu na nyutro. Hata njia nzima kutoka kwenye nguzo ikiwa na omu 0.5, 230 gawanya kwa 0.5 ni ampea 460. Mita za bei rahisi mara nyingi hazina fyuzi ya maana katika tundu hilo, na hupasuka mkononi. Ukimaliza kupima ampea, rudisha pini mahali pake kabla hujaiweka mita chini. Mita ya kupimia umeme wa nyumba iwe na alama ya usalama ya CAT III, volti 300 au zaidi.

Omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa, si kuzimwa tu kwa swichi. Gusanisha ncha za mita kwanza, usome inachoonyesha, labda 0.3, kisha ukitoe kwenye jibu. Kwa hita ya omu 26 hilo halina uzito. Kwa waya, swichi au ungio lina uzito mkubwa, kwa sababu unachokitafuta ni kidogo kuliko ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Mita ya kawaida itakuambia 0.0 kwa ungio zuri na 0.1 kwa ungio litakalochoma nyumba. Hapo ndipo inabidi uache kipimo cha omu, upitishe mkondo mkubwa, upime volti zinazopotea, ugawanye.

Njia hiyo inahitaji jagi la wati 2000 na mita ya volti. Nenda kwenye soketi inayolalamikiwa. Soma volti bila mzigo: tuseme 228. Washa jagi lenye maji katika soketi hiyo hiyo, soma tena upande wa pili wa soketi ya tundu mbili: 219. Jagi la omu 26.45 kwa volti 219 linavuta ampea 8.28. Zimepotea volti 9. Gawanya 9 kwa 8.28, unapata omu 1.09. Huo ni ukinzani wa njia nzima kutoka transfoma mpaka hapo. Rudia mara tatu, ukiwasha na kuzima, kwa sababu volti za mtaa huyumba zenyewe na usomaji mmoja unaweza kukudanganya.

Sasa pima kwenye kisanduku cha breka wakati jagi linawashwa na kuzimwa kule kule lilipo. Volti zinashuka kutoka 228 hadi 225.5. Zimepotea 2.5, yaani omu 0.30, hizo ni za upande wa shirika la umeme na waya wa kuingilia. Zinabaki volti 6.5, omu 0.785, zote ndani ya nyumba. Je, waya wenyewe ulitakiwa uwe na kiasi gani? Waya wa shaba wa 2.5 mm² una omu 7.41 kwa kilomita. Ule wa 1.5 una 12.1, wa 4 una 4.61, wa 6 una 3.08. Namba hizo nne ziandike nyuma ya kifuniko cha mita yako. Kutoka kwenye breka hadi soketi ni mita 18, kwenda na kurudi mita 36. Kwa 2.5 mm² ni omu 0.267. Kuna omu 0.52 ambazo hakuna aliyezinunua. Kwa ampea 8.28, hizo ni 8.28 mara 8.28 mara 0.52, yaani karibu wati 36 za joto, na zimekaa mahali fulani padogo ndani ya ukuta. Pasi ya kulehemu ya wati 40 inayeyusha risasi, na hiyo imetengenezwa ihimili joto. Plastiki ya soketi haikutengenezewa.

Zima meni swichi, hakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, kisha fungua soketi moja moja kuanzia ile iliyo karibu na breka. Sura ya ungio bovu ukishaiona huisahau. Plastiki pembeni ya tundu la laivu imebadilika kuwa ya kahawia, wakati upande wa nyutro bado ni mweupe, au kinyume chake. Ngozi ya waya imekuwa ngumu na inavunjika ukiikunja, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye skrubu. Shaba imepoteza ule wekundu wake, ina rangi ya zambarau iliyofifia au nyeusi. Skrubu ukiigusa na bisibisi inazunguka robo mpaka nusu bila kupinga. Hilo ndilo chanzo: skrubu haikubanwa, au ilibanwa juu ya ngozi ya waya, au nyaya tatu zimeshindiliwa kwenye tundu la mbili na mmoja unacheza. Joto likaja, shaba ikatanuka na kurudi, ikalegea zaidi, oksaidi ikaota, ukinzani ukapanda, joto likaongezeka. Mzunguko huo haurudi nyuma wenyewe. Kubana skrubu juu ya shaba nyeusi hakusaidii. Kata waya mpaka ufike kwenye shaba nyekundu na ngozi laini, badilisha soketi, bana, kisha vuta kila waya kwa mkono. Breka haiwezi kukulinda hapa, na hili liwakae watu vichwani: mkondo ni ampea 8 tu, mdogo kuliko kawaida, breka ya 20 haioni tatizo lolote.

Wenye nyumba wengi wakiona volti zimeshuka hukimbilia stabilaiza, kifaa cha kuinua na kutuliza volti. Ikiwa volti ndogo zinatoka mtaani, sawa. Ikiwa zinapotea kwenye ungio bovu, stabilaiza inazidisha ubaya. Ili itoe wati 1000 kwa volti 230 huku ikipokea 180, ni lazima ivute ampea 5.6 badala ya 4.35, na joto kwenye lile ungio hukua kwa mraba, mara 1.6 na zaidi. Pima kwenye kisanduku cha breka kwanza.

Njia hiyo hiyo ya volti zinazopotea inafaa kukagua rola la waya kabla halijaingia ukutani. Sokoni zipo nyaya zilizoandikwa 2.5 ambazo shaba yake ni nyembamba, na nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, ni alumini, na ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Nyembamba huioni kwa kisu. Likunjue lote rola la mita 100 (likiwa limeviringwa huwa koili na kudanganya kipimo), liunganishe mfululizo na jagi, upande wa laivu, maungio yote yakiwa ndani ya konekta, washa kwa nusu dakika, pima volti kati ya mwanzo na mwisho wa rola. Kwa ampea 8.5 waya halali wa 2.5 unatakiwa upoteze volti 6.3 hadi 6.6, kutegemea joto la siku. Ukisoma 10, rola lile lina omu 1.18 badala ya 0.74, na kwa hesabu ya shaba ni waya wa 1.5 mm² na ushee. Kazi hii inafanyika umeme ukiwepo, kwa hiyo ni ya fundi aliyezoea, si ya mtoto wa duka.

Ekstensheni za bei rahisi huja na waya wa 0.75 mm², omu 26 kwa kilomita. Mita tano, kwenda na kurudi kumi, ni omu 0.26. Jagi na pasi kwa pamoja ni ampea 13, joto ni wati 44. Likitawanyika kwenye mita tano sakafuni, waya unakuwa vuguvugu hadi moto. Ukiiacha imekunjwa kwenye rola au chini ya zulia, joto lile halina pa kutokea. Na fyuzi ya 13 kwenye plagi haitakatika, maana iko pale pale kwenye kiwango chake.

Hita ya kuogea ya papo kwa papo ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote katika nyumba nyingi. Imeandikwa wati 5500 kwa volti 220: ampea 25, omu 8.8. Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240, na kwa volti hizo hita ileile inavuta ampea 27.3 na kutoa wati 6545. Haitakiwi kuchomekwa kwenye soketi, iwe na waya wake kutoka kwenye breka yake, 6 mm², breka ya 32, swichi ya kukata pande zote mbili, ethi iliyopimwa, na kinga ya umeme unaovuja. Waya wa 2.5 utaibeba kwa miezi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu aliyefunga ameshalipwa na kuondoka.

Asiye na klampu mita anaweza kutumia mita ya uniti. Kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni pameandikwa imp/kWh, yaani mimweko kwa kila uniti, mara nyingi 1000, 1600 au 3200. Kwa 1000, kila mmweko ni jouli 3600. Kwa 1600 ni 2250. Kwa 3200 ni 1125. Zima vyote isipokuwa kifaa kimoja, hesabu mimweko kumi kwa saa ya simu. Ikichukua sekunde 18 kwenye mita ya 1000, ni 36,000 gawanya kwa 18, wati 2000. Pima volti, gawanya, unapata ampea (kwa mota gawanya tena kwa pawa fakta). Kwa kifaa cha hita unapata na omu zake, tena za moto, ambazo mita ya omu haiwezi kukupa. Friji ihesabu kompresa ikiwa inazunguka, si ikiwa imetulia. Na zima kila kitu kabisa kabla ya kuanza, usubiri: taa ikiendelea kumweka, kuna kitu kimesahaulika, au kuna umeme unavuja.

Kwenye sola ya volti 12 hesabu ni ile ile lakini haisamehe. Mzigo wa wati 100 kwa volti 230 ni ampea 0.43, na kwenye waya wa 2.5 wa mita kumi, omu 0.148, unapoteza volti 0.06, hazionekani. Kwa volti 12 ni ampea 8.3, zinapotea volti 1.2, asilimia kumi nzima. Inverta inayotoa wati 1000, ikiwa inapoteza asilimia kumi, inavuta kama ampea 93 kwenye betri. Watu huifunga kwa waya wa 6 mm² uliobaki kwenye kazi ya nyumba. Mita moja na nusu kila upande, jumla tatu, ni omu 0.0092: zinapotea volti 0.86 na waya unatoa wati 80. Kwa 25 mm² ni volti 0.2 na wati 19. Weka 25 au 35, fupi iwezekanavyo, na fyuzi ya 125 karibu na betri.

Betri nayo ina ukinzani wake. Pima volti zake bila mzigo, washa kitu cha kueleweka, pima tena kwenye vichwa vya betri, gawanya tofauti kwa ampea. Betri ya 100 Ah (ampea-saa) iliyoshuka kutoka 12.6 hadi 11.86 kwa ampea 93 ina omu 0.008. Ukitoa tena 0.86 za waya mwembamba, inverta inapokea volti 11.0, nayo inaanza kulia, na mwenye nyumba anaambiwa betri imekufa. Kabla ya kumwambia hivyo, pima sehemu mbili wakati mzigo umewashwa: kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye skrubu za inverta. Tofauti ikizidi volti 0.3, anza na waya na vibanio. Weka ncha moja ya mita juu ya risasi yenyewe ya kichwa cha betri, nyingine juu ya kibanio chake. Kwa ampea 93, ukungu mweupe wa omu 0.01 tu unakula volti 0.93 na kutoa wati 86 pale pale. Zima mzigo, fungua upande wa hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye magadi, piga brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, bana, pima tena ukiwa na mzigo ule ule. Isomeke chini ya volti 0.05.